Maswali Yenu: Radi, Harufu ya Jik na Shimo la Ozoni

Wiki hii barua karibu zote ni za radi, na sishangai, vile mvua imetuchapa huku ziwani hata mimi nimeandika hii safu mara mbili sababu stima ilipotea kabla nisevu. Naanza na dada wa Ahero, yake ndio ilinikalia kichwani.

SWALI: Habari yako mhariri. Nauza mitumba hapa Ahero. Juzi saa kumi jioni radi ilipiga muembe wa jirani, kutoka kwetu ni kama hatua thelathini hivi, watoto wote wakaingia chini ya kitanda. Tulipotoka nje kulikuwa na harufu kali, sio moshi, ilikuwa kama Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo. Shemeji yangu wa chuo akasema hiyo ni ozoni na tushukuru Mungu, ati radi ndio inaziba lile shimo la ozoni huko juu. Nilinyamaza lakini sikuamini. Nani mkweli?

JIBU: Pole sana dada, na poleni watoto. Shemeji amepata nusu. Hiyo harufu ni ozoni kweli, na kama unataka kuhakikisha siku moja ukija Kisumu pitia Kibuye kwa wale mafundi wa kuchomelea mageti, ngoja fundi awashe ile mashine kisha simama pale upepo unakuletea (usiangalie ule mwanga tafadhali), utasikia ile ile ya Jik, inaingia puani kama imechongwa. Oksijeni yetu ya kila siku ni atomu mbili zimeshikana, cheche na ule mwanga mkali zinaziachanisha, halafu moja inaenda kujibandika kwa wawili wengine, zinakuwa tatu. Hizo tatu ndio ozoni. Hata jina lenyewe ni harufu, Christian Schönbein aliipa mwaka 1840 akiwa Basel, Uswisi, alitoa kwa neno la Kigiriki la kunusa, maana alipokuwa akipitisha umeme kwa maji maabara yake ilinuka vile mahali pamepigwa radi hunuka.

Lakini ile ya kwa muembe ni kidogo na haikai. Kazi yenyewe inafanyika juu, na inafanyika kwa njia ya kuzunguka ambayo mimi naipenda sana kwa hivyo nivumilie kidogo.

Ndani ya ule mstari wa radi joto linafika karibu digrii 30,000, yaani kama mara tano ya uso wa jua. Sasa naitrojeni, ambayo ndio sehemu kubwa ya hewa tunayovuta, ni gesi mkaidi, haitaki maneno na mtu, lakini kwa joto kama hilo hata yeye anavunjika na kushikana na oksijeni. Hapo inatoka gesi inaitwa naitriki oksaidi. Radi moja kwa makadirio inatengeneza kama kilo 7 za hiyo gesi, ingine inatoa kidogo sana na ingine zaidi ya mara mbili ya hizo, na duniani radi zinapiga kama 45 kila sekunde, fanya hesabu mwenyewe. Kitu cha kwanza hiyo gesi inafanya, usicheke, ni kula ozoni. Inainyang'anya atomu moja na kugeuka kuwa naitrojeni dioksaidi. Ukipima katikati ya wingu dakika hiyo unaweza kusema radi ni adui wa ozoni.

Kisha jua linatoka. Mwanga unaivunja ile naitrojeni dioksaidi, atomu ya oksijeni inaachiliwa, inajibandika kwa oksijeni ya kawaida, tayari ozoni. Na ile naitriki oksaidi imebaki vile ilikuwa, inapakia tena. Tena safari hii haihitaji kuinyang'anya ozoni, kuna mabaki ya methani (gesi ya vinamasi na ya ng'ombe) na moshi uliochomwa na jua yanayoipa oksijeni ya bure. Ni kama makanga wa matatu, yeye hana safari yake, anapakia, anashusha, anarudi steji kupakia wengine. Makanga mmoja anaweza kupakia abiria wengi sana kabla hajatolewa kazini.

Na kwa nini huko juu? Sababu hapa chini makanga huyo hamalizi siku, kwa saa chache tu ameshageuzwa asidi na kuoshwa na mvua. Juu, kilomita 8 hadi 15 hivi, kuna baridi na ukavu, anaishi siku kadhaa, na ozoni anayoacha inakaa wiki nyingi ikipeperushwa mpaka nchi zingine. Alafu wingu letu la radi ni bomba la moshi, linaweza kusimama kilomita 15 au 16, linafyonza hewa ya chini na yote yaliyomo, moshi wa miwa ikichomwa Muhoroni kabla ya kuvunwa, moshi wa makaa, wa boda, linautema juu karibu na ile gesi ya radi. Yaani makanga na abiria wamekutanishwa steji moja. Ndio maana ijapokuwa radi inatoa tu kama sehemu moja kwa kumi ya gesi za aina hiyo duniani (zingine ni injini, moto na udongo), huko juu kwenye tropiki yeye ndio chifu.

Sasa shimo. Shimo, yaani pale tabaka la ozoni linakonda sana, liko Antaktika kwa ncha ya kusini ya dunia, hufunguka kila mwaka kuanzia kama Agosti au Septemba, Waingereza ndio walilitangaza mwaka 1985, na lililetwa na klorini kutoka gesi za friji na za mikebe ya kupuliza. Ndio maana kukawa na Mkataba wa Montreal mwaka 1987, ambao ofisi yake kuu hata iko hapa kwetu, Gigiri Nairobi. Tabaka la ozoni la kutukinga na miale ya jua liko juu ya mawingu, huku kwetu kilele chake ni kama kilomita 25. Ozoni ya radi inabaki ghorofa ya chini yake, na hapo kazi yake kubwa ni kushika joto kama blanketi, iko kwa orodha moja na hewa ukaa na methani. Kwa hivyo shemeji asishukuru haraka. Ingawa kumtetea kidogo, radi pia inaongeza ile chembe ya haidroksili inayosafisha methani hewani, kwa hivyo kwa mkono mmoja inatufunika blanketi na kwa mwingine inavuta lingine.

Na huo muembe, mvua ikirudi msijikinge chini yake.

SWALI: Mimi ni mvuvi wa omena, Dunga. Mbona mjini radi ni jioni na sisi ziwani inatukuta saa nane za usiku? Na hiyo ozoni unaandikanga kila mara, usiku pia inatengenezwa?

JIBU: Mzee wangu, umeuliza mbili na zote ni jua. Mchana nchi kavu inapata moto kuliko maji, upepo unatoka ziwani unapanda milima ya Nandi na ya Kisii, ndio mawingu yanapasukia huko alasiri na kuwapiga watu wa Kericho mvua ya mawe kwa majani chai. Usiku nchi inapoa, ziwa linabaki na joto lake, upepo unageuka unatoka pande zote unakutana katikati ya maji, na hapo katikati ndio wewe uko na taa zako. Ukiona radi inamulikamulika upande wa Uganda na upepo umenyamaza ghafla, rudi, omena itakuwepo kesho.

Usiku haitengenezwi, ukitoa ile kidogo ya cheche yenyewe. Bila mwanga makanga amelala na abiria mkononi, gesi inasubiri huko juu mpaka asubuhi, jua likichomoza ndio kazi inaanza, pengine wakati huo upepo umeshaisukuma mbali na ziwa lenu.

SWALI: Baba yangu hapa Kakamega husema mwaka wa radi nyingi mahindi hayahitaji mbolea. (Msomaji, Shinyalu)

JIBU: Heshima kwa mzee, lakini anunue mbolea. Ni kweli ile gesi mwishowe inakuwa naitreti na inashuka na mvua, na mmea unaila. Ila radi zote za dunia kwa mwaka zinatoa kama tani milioni 5 za naitrojeni, na nyingi inaangukia bahari na msitu, viwanda vya mbolea vinapita tani milioni 100. Kwa ekari mbili za mzee ni kama kuongezewa chumvi na mtu aliye upande ule mwingine wa barabara.

SWALI: Niko kidato cha tatu Nakuru. Watu wanajuaje kiasi cha ozoni huko juu na hakuna mtu anafika?

JIBU: Kijana, tangu 1996 watu wetu wa hali ya hewa Nairobi, wakishirikiana na wa Uswisi, wanarusha puto kila wiki. Limefungiwa kaboksi chepesi, ndani kuna pampu ndogo inavuta hewa na kuipitisha kwa maji yenye dawa ya aidini, ozoni ikigusa hayo maji umeme kidogo unatembea, ndio huo unapimwa na kutumwa chini kwa redio. Puto linapanda linavimba, linavimba, kwa kama kilomita 30 linapasuka na kaboksi kanaanguka na mwavuli wake, mara ingine kwa shamba la mtu.