Kusoma mikataba ya ulinzi wa mpaka wa Marekani: usianze na tarakimu kubwa

Novemba 2017, shirika la forodha na ulinzi wa mipaka la Marekani, CBP, liliipa kampuni ya Accenture Federal Services mkataba wa kusaidia kuajiri watumishi 7,500. Magazeti yakaandika dola milioni 297, na hiyo ndiyo tarakimu iliyobaki vichwani mwa watu. Desemba 2018, mkaguzi mkuu wa Wizara ya Usalama wa Ndani, ambayo CBP iko chini yake, alitoa ripoti yenye tarakimu nyingine: hadi mwanzoni mwa Oktoba mwaka huo zilikuwa zimelipwa takriban dola milioni 13.6, na waombaji walioshughulikiwa na kampuni hiyo hadi wakakubali kazi walikuwa wawili. Mwaka 2019 CBP ikausitisha mkataba.

Tarakimu zote mbili ni za kweli, ila kila moja inajibu swali lake. Mwandishi wa habari, mwanafunzi wa utafiti au mwenye kampuni ndogo ughaibuni anayetaka kujua serikali inanunua nini akizichanganya hizi, kazi yake yote inaharibika, hata kama kila kitu kingine amekifanya sawasawa.

Kwenye tovuti ya USAspending.gov, ambako mikataba hii huwekwa wazi kwa umma, kila mkataba una thamani za aina tatu au nne. Kuna ukomo, yaani kiasi ambacho mkataba ungefikia iwapo miaka yote ya hiari ingetumika. Hiyo milioni 297 ilikuwa ukomo: mwaka mmoja wa msingi wa dola milioni 42.6 na miaka minne ambayo serikali ingeweza kuiongeza au kuiacha. Kuna thamani ya sasa, yaani mwaka wa msingi na ile miaka ya hiari iliyokwisha kuchukuliwa. Kuna fedha zilizofungwa, ambazo serikali imejifunga kisheria kuzilipa. Mwisho kuna fedha zilizotoka kweli. Aliyewahi kusubiri malipo ya LPO anajua umbali uliopo kati ya hizo mbili za mwisho. Ukitaka kuandika kwamba serikali "imetumia", tumia fedha zilizotoka, au sema wazi kwamba unazungumzia zilizofungwa. Ukomo uutaje kama ukomo.

Sasa kazi yenyewe. Fungua utafutaji wa kina, chagua CBP kama shirika linalotoa mkataba, chagua mwaka wa fedha, kisha pakua jedwali la CSV (faili linalofunguka kwenye Excel) la miamala. Mwaka wa fedha wa Marekani huanza tarehe 1 Oktoba na kuisha 30 Septemba, kwa hiyo mkataba wa Novemba 2017 uko kwenye mwaka 2018. Wengi hawauoni kwa sababu hiyo tu. Ukitaka ofisi moja ya manunuzi badala ya shirika zima, njia ya uhakika ni kuchuja ndani ya jedwali kwa safu ya awarding_office_code.

Kosa la kawaida kuliko yote hutokea hapa, kwenye kujumlisha. Kwenye jedwali la miamala, mkataba mmoja una mistari mingi: wa kwanza ni mkataba wenyewe, inayofuata ni marekebisho yake, P00001, P00002 na kuendelea. Tuseme mkataba umeanza na dola 2,000,000, rekebisho la kwanza likaongeza 500,000, la pili likarudisha serikalini 180,000. Safu ya federal_action_obligation itaonyesha 2,000,000, kisha 500,000, kisha −180,000. Jumla ni 2,320,000, na hiyo ndiyo sahihi. Lakini safu ya total_dollars_obligated huandika jumla ya mkataba, si kiasi cha mstari mmoja. Ukiijumlisha hiyo unahesabu fedha zilezile zaidi ya mara moja. Kwenye mkataba wenye marekebisho 40 unapata habari kubwa ya uongo.

Mistari yenye alama ya kutoa usiifute. Tumeona watu wakiifuta wakidhani ni makosa ya uchapaji. Ni fedha zilizofunguliwa kwa sababu kazi imepungua, mkataba umevunjwa au hesabu zimefungwa. Soma safu ya sababu ya rekebisho, maana ndiyo inayokuambia kama serikali imechukua mwaka wa hiari, imeongeza fedha tu, imebadilisha kazi au imesitisha mkataba kwa manufaa yake yenyewe.

Namba ya mkataba nayo isomwe kama namba ya gari, kila kipande kina maana yake. Tangu Oktoba 2017 CBP hutumia muundo kama 70B03C20F00000123 (hii tumeitunga kuonyesha mpangilio). Herufi na tarakimu sita za mwanzo ni ofisi iliyotoa mkataba, na za CBP huanza na 70B. Mbili zinazofuata ni mwaka wa fedha. Kisha herufi moja inayotaja aina: C ni mkataba unaojitegemea, D ni mkataba mama ambao oda zitatolewa chini yake, F ni oda yenyewe, A ni makubaliano ya kununua mara kwa mara, P ni hati ya ununuzi. Zinazobaki ni namba ya mfululizo. Mikataba ya zamani huanza na HSBP. Ukifuatilia mradi wa miaka mingi tafuta mitindo yote miwili, la sivyo utadhani mradi ulizaliwa mwaka 2018.

Herufi D inataka tahadhari ya peke yake. Mkataba mama mara nyingi hauna fedha yoyote ndani yake, fedha ziko kwenye oda. Tena mkataba mama ukitolewa kwa kampuni tano kwa pamoja kwa ukomo wa dola milioni 500, kila kampuni inaweza kuonyeshwa na hizo milioni 500. Ukizijumlisha unapata bilioni 2.5 ambazo hazijawahi kuwepo. Chukua oda, uzipange chini ya namba ya mkataba mama, ujumlishe hizo.

Halafu kuna mpaka ambao haumo kwenye vitabu vya CBP. Desemba 2019, kampuni ya Fisher Sand and Gravel ilipata mkataba wa dola milioni 400 wa kujenga ukuta Arizona, na aliyeutoa ni Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi, si CBP. Anayechuja kwa shirika linalotoa mkataba peke yake atakosa sehemu kubwa ya ukuta wa 2019 na 2020. Fanya utafutaji mara mbili, mmoja kwa shirika linalotoa, mwingine kwa shirika lenye fedha, halafu ondoa marudio. Kwa kipindi hicho cha ukuta fanya na wa tatu, kwenye mikataba ya Kikosi chenyewe, kwa sababu sehemu ya fedha zilitoka Wizara ya Ulinzi na hata chujio la mwenye fedha halitazinasa. Hili litakuwa na uzito zaidi miaka ijayo, maana sheria iliyotiwa saini 4 Julai 2025 ilitenga dola bilioni 46.5 kwa ukuta na miundombinu yake.

Kuhusu ushindani, soma safu mbili pamoja: kiwango cha ushindani na idadi ya wazabuni. Zabuni inaweza kuandikwa kuwa ilikuwa wazi kwa wote, halafu idadi ikawa 1. Hapo hakuna sheria iliyovunjwa, lakini una swali la kuuliza. Kwa oda, angalia ushindani wa oda yenyewe pamoja na ule wa mkataba mama.

Maelezo ya kazi usiyategemee sana. Utakutana na maandishi kama IGF::OT::IGF ukadhani ni lugha ya siri ya kijasusi. Ni alama ya kiutawala tu, iliyowekwa miaka ya nyuma kuonyesha kama kazi inakaribia majukumu ambayo ni ya serikali pekee, na OT maana yake haikaribii. Afadhali utumie msimbo wa bidhaa au huduma: unaoanza na tarakimu ni bidhaa (15 ndege, 84 mavazi), unaoanza na herufi ni huduma au ujenzi, kwa mfano Y ujenzi na Z matengenezo. Kampuni nayo ifuatwe kwa utambulisho wake, si kwa jina, kwa sababu jina hilohilo huandikwa kwa namna nyingi. Kabla ya 4 Aprili 2022 ulikuwa DUNS wa tarakimu tisa, baada ya hapo ni UEI wa herufi na tarakimu 12.

Manunuzi madogo ya kadi hayamo kabisa. Kiwango chake kilikuwa dola 10,000, kikapandishwa kuwa 15,000 Oktoba 2025. Usishangae pia Septemba kujaa mikataba kuliko miezi mingine: fedha za mwaka zinakaribia kuisha muda wake, na ofisi zinakimbizana na tarehe. Linganisha Septemba na Septemba.

Ukishapata mkataba unaoutaka, nenda SAM.gov utafute tangazo la zabuni kwa namba yake. Kama haukushindaniwa, hati ya kueleza kwa nini inapaswa kuwekwa hapo, kwa kawaida ndani ya siku 14 baada ya mkataba kutolewa, au 30 kama ilikuwa dharura. Isipokuwepo, iombe kwa sheria ya uhuru wa habari, utaje namba kamili ya mkataba na ya rekebisho. Ombi la "nyaraka zote za ukuta" litakaa miaka. Na kwenye jina la kila jedwali unalopakua andika tarehe, kwa sababu ofisi hurudi kusahihisha rekodi zake, na jumla uliyoichapisha Machi huenda isilingane na atakayoiona msomaji Juni.