Jibu: Pikipiki sita jangwani Baja California, petroli itatosha?

Mkuu, umeuliza kama tangi la lita 12 litawafikisha kutoka El Rosario hadi Guerrero Negro, kwenye rasi ya Baja California huko Mexico. Usijidanganye, halifiki. Hizo ni zaidi ya kilomita 300 kwenye barabara kuu namba 1. Katikati, pale Cataviña, wenyeji huuza petroli kwa madumu kando ya barabara, ila kuna siku imewaishia. Kila mtu abebe lita 5 za akiba, na mwendo upangwe kwa kufuata pikipiki yenye tangi dogo kuliko zote.

Mkichepuka kwenda misheni ya San Borja, kanisa la kale la wamisionari, mtakutana na mawe na mchanga. Punguzeni upepo wa matairi, lakini pampu iwepo ya kuujaza tena mkirudi kwenye lami. Tyubu za akiba pia, miiba ya cholla, aina ya kaktasi, haina huruma.

La kundi ni moja tu: kwenye kila njia panda, simama mpaka umwone wa nyuma yako. Mkifukuzana kwenye vumbi mtapotezana, simu huko haishiki. Kibali cha muda cha kuingiza pikipiki hakihitajiki mkibaki ndani ya rasi. Kadi ya utalii ndiyo lazima.