Madogo wa fildi, laptopu isiyobuti haijafa, acheni kukimbilia flashi

Madogo zangu nawapenda ila mtaniua kwa presha. Wiki hii nimemkuta mmoja wenu ameshachomeka flashi ya Windows kwenye mashine ya mteja, yuko kwenye ile listi ya patisheni (vipande vya diski), kidole kiko tayari kwenye Delete, eti "napiga Windows freshi bosi". Ugonjwa wenyewe ulikuwa nini? Skrini nyeusi imeandika grub rescue, basi. GRUB ni ile programu inayokuja na Linux ya kukuchagulisha mfumo wa kuwasha. Mwenye laptopu alichoka na Ubuntu, akaingia Disk Management akafuta patisheni za Linux, akaristati, akapigwa na giza, akaja kwetu anakimbia. Windows yake nzima imo ndani, picha za harusi zimo, hakuna kilichoguswa, halafu sisi mafundi ndo tunataka kwenda kuua. Kila msimu wa fildi mnakuja wapya na kila msimu ni haya haya, kwa hiyo naandika mara moja, wakija wengine mtawaonyesha nyie, mimi nimechoka.

1. Soma skrini. Yote, mpaka mstari wa mwisho, na uipige picha kwa simu kabla hujagusa batani yoyote. "Haiwaki bosi" siyo maelezo, mashine inayoandika grub rescue imewaka vizuri tu na inakwambia nimebuti ila mafaili yangu siyaoni. "No bootable device" ni ugonjwa mwingine, INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE ni mwingine kabisa, na nyie wote mnawapa dawa moja ya kufomati kama fundi Maiko.

2. Menyu ya kubuti kwanza kabla ya flashi. Dell na Lenovo bonyeza F12, HP piga Esc halafu F9, Asus jaribu Esc au F8, Acer F12 wakati mwingine imezimwa mpaka uiwashe ndani ya BIOS, ile mipangilio ya mashine yenyewe. Ukiona Windows Boot Manager ipo kwenye listi, ichague. Ikifunguka, mgonjwa wako hajafa, ni foleni tu ya kubuti imepinduka kwa sababu Linux ikiingia inajiweka mbele. Kairekebishe kwenye BIOS, mrudishie mtu mashine yake, na usimchaji bei ya kupiga Windows, tafadhali. Ukijikuta kwenye grub> tupu kwenye mashine ya UEFI (mtindo mpya wa kubuti), andika exit, mara nyingi inarukia buti inayofuata yenyewe. Kuna HP nyingine ni kinyume, umeweka Linux vizuri kabisa na kila ukiwasha inaleta Windows, hapo hujakosea, ni kichwa chake tu, ingia tena kwenye BIOS upange foleni upya.

3. BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga diski. Hapa naomba mkae chini.

Kipindi naanza kazi alikuja dada mmoja, mwanafunzi wa masters, laptopu kainunua yuzidi. Alikuwa anataka Linux kwa ajili ya programu fulani za takwimu, rafiki yake akamuwekea, wakapunguza C: vizuri, wakaweka kwenye nafasi tupu, kazi safi tu kusema ukweli. Shida yake ikawa hii, kwenye menyu ya GRUB akichagua Windows inakuja skrini ya bluu inadai recovery key, tarakimu 48, makundi nane ya sita sita. Yeye hajawahi hata kulisikia hilo neno BitLocker. Maana watu wengi hawaelewi kwamba laptopu nyingi za siku hizi ukiingia na akaunti ya Microsoft mara ya kwanza diski inajifunga yenyewe kimya kimya, na ufunguo unatumwa kwenye ile akaunti.

Dawa ilikuwa sekunde kumi. F12, Windows Boot Manager moja kwa moja bila kupitia GRUB, ingefunguka. Ufunguo umekaa ndani ya TPM, chipu ya kutunzia funguo, na chipu inautoa pale tu mwendo wa kubuti ukiwa ni ule ule inaoujua, ukipitisha GRUB katikati inaona kuna mgeni mlangoni inagoma. Inagoma tu, haijatupa kitu. Rudisha njia ya zamani, inakubali.

Mimi hayo sikuyajua na nilikuwa na kiherehere kuliko nyie. Nilizima Secure Boot, ule ulinzi unaokagua programu za kubuti, bado bluu, na ingewezaje isiwe bluu wakati hiyo nayo ni kubadilisha njia. Nikaona sehemu mtu kaandika kwamba tatizo hilo linaisha ukifanya Clear TPM. Nikaingia BIOS, nikaikuta, nikaibonyeza. BIOS ikaniuliza kabisa kwa herufi kubwa kwamba utapoteza funguo zote, una uhakika? Na dada wa watu amekaa pembeni ananiangalia kwa matumaini, fundi hawezi kuonekana anasitasita mbele ya mteja. Nikabonyeza Yes.

Baada ya hapo hata ungeirudisha Secure Boot, hata ungepita mlango gani, hakuna. Ufunguo pekee uliobaki duniani ni ule wa kwenye akaunti. Sawa, dada fungua akaunti yako ya Microsoft tuuchukue. "Akaunti gani kaka?" Hakuwa nayo. Aliyemuuzia ndo aliifungua ile laptopu dukani kwa imeili yake mwenyewe ili amwonyeshe inafanya kazi, akamtengenezea dada jina la kuingilia, akamkabidhi. Tukamtafuta huyo muuzaji, tukampata, mtu muungwana, hana kinyongo, lakini imeili ile aliifungua siku hiyo hiyo kwa ajili ya biashara na paswedi hakumbuki na laini aliyoisajilia ilishafungwa. Tulijaribu kila njia ya kuirudisha, mfumo ukatukatalia.

Sura tatu za kwanza zilikuwa kwenye imeili ya supavaiza wake, hizo zilipona. Dodoso za karatasi zilikuwa nyumbani kwenye boksi, nikajitolea kuingiza data upya na yeye, usiku, baada ya kufunga ofisi, ye anasoma mi naandika. Lakini mahojiano aliyoyarekodi na wazee kijijini yalikuwa mle ndani tu. Simu aliyorekodia alishafuta ili apate nafasi. Na mmoja wa wale wazee alikuwa ameshafariki. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Kwa hiyo ukija ofisini kwangu ukagusa TPM ya mteja bila kuwa na zile tarakimu 48 zimeandikwa kwenye karatasi mezani, rudi chuo. Kabla hata ya kuweka Linux, uko bado ndani ya Windows, fungua CMD kama admini, andika manage-bde -protectors -get C: uone ufunguo, uandike, umpe mwenye mali. Au zima kabisa BitLocker, usubiri imalize kufungua diski, ndo uendelee.

4. Ukilazimika kutengeneza buti ya Windows, bootrec /fixmbr ni ya mashine za MBR, mtindo wa zamani. Kwenye UEFI haikusaidii kitu na /fixboot itakuletea "Access is denied" uishie kulaumu diski. Kwenye UEFI ingia diskpart, ipe ile patisheni ndogo ya EFI, yenye mafaili ya kubuti, herufi, tuseme S, kisha bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI. Hakikisha kwanza kwamba C ni C kweli, kwenye flashi herufi zinahama. Na hiyo patisheni ya EFI, hata ikiwa na MB 100 tu, siyo uchafu. Kuna mwenzenu aliifuta "kuongeza nafasi". MB mia, dogo, unaongeza nafasi ya nini?

5. Flashi iandae kwa mtindo ule ule ambao Windows iliyopo inatumia. Windows ni UEFI, flashi nayo ibuti UEFI. Ukichanganya na Legacy, ule mtindo wa zamani, utapata mifumo miwili isiyoonana.

6. Instola ya Linux haioni diski? Ni Intel RST au VMD, mipangilio ya diski ndani ya BIOS. Mnakimbilia kubadilisha iwe AHCI, mpangilio wa kawaida, Windows inakufa na INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, mnaanza kulia. Rudisha ilivyokuwa, itafufuka hapo hapo. Ukitaka kubadilisha kwa adabu, weka kwanza Windows kwenye safe mode kwa msconfig, ristati uingie BIOS ubadilishe, iache iingie safe mode mara moja ikajipakie draiva, kisha uitoe. Na kama ina BitLocker, rudi namba 3, usome tena.

7. Agosti 2024 apudeti ya Windows ilizigomesha Linux kibao, "SBAT self-check failed: Security Policy Violation", mashine inazima yenyewe. SBAT ni ukaguzi wa Secure Boot unaokataa programu za kubuti zilizopitwa. Bado naziona zinakuja, za watu waliokuwa hawajaapudeti. Zima Secure Boot, ingia Linux, sudo mokutil --set-sbat-policy delete, ristati uingie tena Linux, kisha washa Secure Boot na uapudeti Linux yako. Kwenye hayo yote usiingie Windows katikati, sababu mnaijua, ni BitLocker ya namba 3.

8. Zima Fast Startup, ule mtindo wa Windows wa kuzima nusu nusu, powercfg /h off, la sivyo Linux itakataa kuandika kwenye patisheni za Windows na mteja atarudi.

9. Saa. Mteja akilalamika Windows inarudi nyuma masaa matatu kila akitoka Linux, usimuuzie betri ya CMOS. Nimeona mtu kauziwa betri mbili. Linux inaandika UTC, saa ya kimataifa, Windows inaisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko mbele masaa matatu. timedatectl set-local-rtc 1, umemaliza, na hela ya betri mrudishieni.