Wanaimba "ba be bi bo bu", lakini hawasomi

Maswali ya mwezi huu yametoka Rungwe, Mafinga, Mbozi na Makete. Yote yanahusu kusoma na kuandika katika darasa la kwanza na la pili.

Swali: Nafundisha darasa la kwanza lenye watoto 94. Nikiandika ba be bi bo bu ubaoni wanaitikia mpaka madirisha yanatetema. Nikigusa "bi" peke yake, au nikiandika "babu", kimya. Nakosea wapi?
*Mwalimu, Rungwe*

Jibu: Mwalimu, watoto wako wameshika wimbo. Wanajua kinachokuja baada ya "ba", kwa hiyo hawana haja ya kutazama ubao. Kesho andika silabi zilezile kwa kuzichanganya, bo ba bu be bi, kisha sikiliza. Sauti za mbele zitatangulia na za nyuma zitachelewa kidogo. Wale wanaochelewa wanafuata midomo ya wenzao.

Tangu 2015 madarasa haya mawili yamepewa kazi moja kubwa, KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), na K ya kwanza inaanzia masikioni. Dakika 5 za mwanzo wa kipindi cha dakika 30 zitumie bila herufi hata moja. Taja neno, watoto wapige makofi kwa kila silabi: ma-hi-ndi, makofi 3, pa-ra-chi-chi, 4. Kisha wape "mtoto" na "mbuzi". Mtoto ni makofi 3, maana m ina kofi lake. Mbuzi ni 2 tu, kwa kuwa m imeng'ang'ania b. Anayesikia tofauti hiyo hatasumbuka sana siku ya kuziandika.

Ukifika kwenye herufi, anza na sauti zinazovutika: m, s, l, n. Sauti ya b, d, k au t hukatika papo hapo. Ukijaribu kuitamka peke yake unajikuta umesema "bu", na mtoto akiiunganisha na a anapata "bua". Lakini mmm unaweza kuivuta. Weka kidole chini ya m, kitembeze polepole hadi chini ya a huku ukitamka "mmmmaaa" bila kukiinua. Ukisimama katikati, mtoto anasikia vitu viwili visivyohusiana. Hapa ndipo watoto wengi hupotea, na sababu ni kidole kilichoinuliwa.

Kwa konsonanti hizo 4 na irabu 5 tayari una mama, mali, sima, asali, nanasi, na sentensi kamili: "Mama analima." Kama mwongozo ulio nao una mpangilio mwingine wa herufi, ufuate, ila wiki isiishe watoto wakiwa na silabi tupu, bila neno lenye maana.

Kata kadi za maboksi, sentimita 5 kwa 5. Kila kundi la watoto 6 lipate kadi 15: mbili za kila konsonanti, tatu za a, na moja moja za e, i, o, u. Hizo a tatu usizipunguze, "analima" inazihitaji zote. Kwa watoto 94 ni makundi 16, yaani kadi 240. Andika namba ya kundi nyuma ya kila kadi, la sivyo kufikia Ijumaa zote zitakuwa zimechanganyika. Za kuonyesha mbele ya darasa ziwe na herufi yenye kimo cha sentimita 8 au zaidi, la sivyo dawati la mwisho halitaziona.

Darasa linapoandika, ita watoto 6 kwa siku, mmoja mmoja, dakika moja kila mmoja, wakusomee silabi na maneno yaliyochanganywa. Baada ya siku 16 za shule utakuwa umewasikia wote. Kuitikia kwa pamoja hakuwezi kukupa habari hiyo.

Na mvua: Januari hadi Machi, chini ya bati lisilo na dari, usishindane nayo. Sauti zifundishwe kabla mvua haijaanza. Ikishuka, wape kadi waunde maneno kimyakimya.

Swali: Nyumbani tunamfundisha mwanangu wa miaka 7 a, be, che, de kama tulivyofundishwa sisi. Akiona "ba" anasoma "bea". Halafu anaandika "dadu" badala ya "babu". Je, ana tatizo la akili?
*Mama, Mafinga*

Jibu: Hapana, mama. "Bea" ni jibu sahihi kwa alichofundishwa: be ukiongeza a ni bea. Majina ya herufi yaacheni kwanza, mtumie sauti zake kama mwalimu anavyofanya. Akishasoma, majina atayashika kwa siku chache.

Kugeuza b na d ni jambo la kawaida kwa umri huo. Kikombe ukikigeuza mkono wake ukatazama kushoto bado ni kikombe. Herufi ndiyo kitu cha kwanza anachokutana nacho kinachobadilika jina kikigeuzwa. Dawa ni mwendo wa mkono. b inaanza na mstari kutoka juu kushuka, kisha tumbo upande wa kulia. d inaanza na duara kama a, kisha mstari. Mwagia unga kidogo kwenye sinia, aandike b peke yake kwa kidole wiki nzima huku akitamka sauti yake. d ije wiki nyingine, msiziweke pamoja mapema. Akimaliza darasa la pili bado anageuza, au akisogeza daftari karibu na uso, mpelekeni akapimwe macho.

Swali: Darasa la pili wanaandika "nyuba", "ngombe", na "karamu" wakimaanisha kalamu. Nimewasahihisha hadi wino umeisha.
*Mwalimu, Mbozi*

Jibu: Hayo ni makosa matatu tofauti, na kalamu nyekundu haitibu hata moja.

"Nyuba" ni la sikio: m iliyo mbele ya b ni fupi, inamezwa. Watamkishe maneno mawili mawili ambayo maana hubadilika: boga na mboga, iba na imba, goma na ngoma. Wasikie kwanza, waseme, ndipo waandike.

"Ngombe" ni la alama, na sababu yake inasikika. Sauti ng' inavutika, ng inaishia na g inayokatika. Waambie wabane pua na kuvuta ng' ya ng'ombe: inaziba palepale, kwa sababu hewa yake yote hupitia puani. Wakishaihisi, ritifaa, yaani ile alama ('), inakuwa na kazi wanayoijua.

"Karamu" huenda imetokea nyumbani, maana lugha nyingi za mikoa yetu hazitenganishi r na l. Kwa l ncha ya ulimi inagusa juu na kutulia. Kwa r inagonga na kuachia. Zoeza kura na kula, mahari na mahali. Lakini unapopima kusoma, kosa hilo liandike pembeni. Mtoto aliyesoma "karamu" kwenye "kalamu" na kuonyesha kalamu amesoma, na asirudishwe kundi la wasiojua. Kwa majirani zetu wa Rungwe na Kyela kuna jingine: Kinyakyusa kina irabu 7, kwa hiyo kuchanganya e na i, au o na u, huenda kukatokana na hilo.

Swali: Penseli zimebaki vipande, na asubuhi za Juni vidole vimekakamaa. Mwandiko umeharibika.
*Mwalimu, Makete*

Jibu: Kipande kifupi kuliko sentimita 5 mtoto hukikamata kwa ngumi. Kichomeke kwenye kijiti cha mwanzi mwembamba, urefu wote uwe kama sentimita 12. Mwandiko usogeze hadi kipindi cha tatu, jua likishapanda, na kabla ya kuandika wasugue viganja, wafumbe na kufumbua vidole mara 20.