Mshahara Mnono Haufuti Haki ya Kudai

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya programu na mitandao hapa Mtwara, mwaka huu nimewasikia tena mkirudia kauli iliyotuumiza sisi tuliotangulia: kwamba anayelipwa mara kadhaa ya mshahara wa mwalimu hana uso wa kulalamikia malipo yake. Nawapenda, na ndiyo maana ukimya wenu unanikera.

1. Haki haipimwi kwa umaskini wa jirani. Wakulima wa Tandahimba na Newala walipozikataa bei za mnada mwaka 2018, hoja ilikuwa thamani ya korosho iliyoko ghalani, si nani fukara zaidi kati yao na wavuvi wa Msangamkuu. Huko Marekani, wahandisi wanaolipwa fedha tusizoziota walizishtaki Apple, Google, Intel na Adobe kwa madai kwamba zilipatana kutochukuliana wafanyakazi, jambo linalozuia mishahara kupanda. Mwaka 2014 Jaji Lucy Koh aliyakataa mapatano ya dola milioni 324.5 kwa kuwa yalikuwa madogo mno, na mwaka uliofuata kampuni hizo zikakubali kulipa milioni 415. Hakuna aliyelazimika kuthibitisha kwanza kwamba ana njaa.

2. Tazameni mshahara wa msingi, si jumla. Kijana mmoja niliyefanya naye kazi alisaini mkataba wenye jumla ya kupendeza, ambayo zaidi ya nusu yake ilikuwa posho. Msimu wa korosho ulipoanza, aliamshwa usiku baada ya usiku kufufua seva, na asubuhi aliingia ofisini kama kawaida. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zinalipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, posho hazihesabiwi. Alipokwenda kulalamika alisema tu kwamba amechoka na fedha hazitoshi. Meneja akamsomea ile jumla, akamuuliza ni wangapi mjini wanaipata, naye akatoka akiwa ameinamisha kichwa. Alikuwa na dai halali kabisa, ila alilipeleka kama manung'uniko, bila tarehe wala saa. Alipopunguzwa kazini, kiinua mgongo nacho kikakokotolewa kwa msingi uleule mdogo: siku saba kwa kila mwaka aliokamilisha.

3. Andikeni kila simu ya usiku: tarehe, saa ya kuanza na saa ya kumaliza.

4. Mnapodai, msiwasahau mlinzi na mfanya usafi, ambao mara nyingi huletwa na wakala na hawamo hata kwenye orodha ya ofisi. Kujiunga na chama cha wafanyakazi, kama TUICO cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, si jambo la wenye kipato kidogo peke yao. Mwenye elimu ya kusoma mkataba anahitajika zaidi kwenye meza ya majadiliano kuliko nyumbani akinung'unika.

5. Cheo cha usimamizi kinapokuja, kumbukeni kwamba masharti ya saa za kazi hayamlindi anayewasimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Kokotoeni malipo ya ziada mtakayoyapoteza, na ombeni yafidiwe kwa maandishi kabla ya kusaini barua ya uteuzi.