Jina la tatu si jina la ukoo

Wiki hii mmetuuliza majina ya koo zetu ni ya kawaida kiasi gani, na kama yameongezeka au yamepungua tangu enzi za wazee wetu. Kitambulisho changu kinaishia na Omar, na hapa Mji wa Kale, Mombasa, ukiita Omar barazani utaitikiwa na zaidi ya mmoja. Lakini Omar si ukoo wetu. Omar ni babu yangu mzaa baba, na yeye mwenyewe aliandikwa Omar Bakari Shee. Baba akaishia Bakari, mimi nimeishia Omar, na watoto wa kaka yangu wanaishia Salim, jina la baba. Vizazi vinne vya nyumba moja, na kila kizazi kina jina lake la mwisho.

Kwa hivyo anayehesabu majina ya mwisho Mombasa hahesabu koo. Anahesabu majina waliyopewa watoto wa kiume miaka hamsini au sitini iliyopita. Mimi ni mwalimu wa darasa la nne, na jambo hili naliona kila asubuhi nikisoma rejesta. Mwisho wa majina nakuta Mohamed, Ali, Said, Abdalla, na mara mojamoja Mbwana au Shee. Mwanzo wa majina nakuta Rayyan, Ayman, Imran. Hakuna hata mtoto mmoja anayeitwa Shee. Wanafunzi hawa wakijaaliwa wajukuu, Rayyan ndilo litakalokuwa jina la mwisho, na Shee litakuwa limeshatoka.

Zamani majina yalikuwa yakirudi. Kifungua mimba wa kiume alipewa jina la babu yake, kama wanavyofanya ndugu zetu Wagiriama hadi leo: Charo wa Katana humzaa Katana wa Charo. Desturi hiyo ikilegea, jina la kale halina tena njia ya kurudi.

Penye jina lisilobadilika toka kwa baba hadi kwa mwana, mambo huenda kwingine. Uingereza, katika miaka ya 1870, mwanasayansi Francis Galton aliuliza kwa nini koo nyingi mashuhuri huzimika, na mwenzake Henry Watson akamfanyia hesabu. Jina linalobebwa na wanaume peke yao hufa siku ukoo unapokosa mtoto wa kiume, na likishakufa halifufuki, huku machache yaliyosalia yakizidi kutanda. Korea Kusini, karibu mtu mmoja katika kila watano ni Kim. Kwetu jina halingoji kukosa mrithi. Watoto wa kiume tunao tele, na bado jina linapotea.

Waliookoka ni walioshika nisba, yaani jina la ukoo au la asili lisilobadilika. Wamazrui waliitawala Mombasa hadi 1837, na utawala ulipowatoka jina lilibaki. Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa mji huu mwaka 1933, alikuwa mwana wa Sheikh Al-Amin bin Ali, aliyepata kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kwa mtindo wa majina matatu angeandikwa Ali Al-Amin Ali, akapotea katikati ya akina Ali wote wa pwani. Vivyo hivyo wenye asili ya Hadhramaut, kule Yemen: Bajaber, Bawazir, Basheikh. Hawa si wengi, lakini ukisikia jina umeshajua nyumba.

Sisi ni Wakilindini, katika Thenashara Taifa, yaani yale makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa. Wazee wetu hawakuliweka jina hilo mwisho wa majina yao kwa sababu halikuhitajika, mtaani uliulizwa "Mwana wa nani?" na jibu likatosha. Sasa ukitamka Kilindini, watu wanasikia bandari na makontena.

Hasara yake niliiona tuliposhughulikia mirathi ya kiwanja cha babu. Karani alipanga hati zetu mezani, moja chini ya nyingine, akashusha kidole kwenye majina ya mwisho: Shee, Bakari, Omar. Akatuuliza, "Hawa wote ni wa ukoo mmoja?" Ilibidi tule viapo, na amu yangu, mzee wa miaka 81, aletwe ofisini kushuhudia kwamba baba yangu alikuwa ndugu yake. Nilipomwona ameshika mkongojo, akijitambulisha kwa mtu ambaye umri wake ni wa mjukuu wake, nililia.

Tangu siku ile nimemwambia kaka yangu mtoto wake ajaye aandikwe majina manne, la mwisho liwe la mbari yetu, na libaki hapo hapo kwa watoto wake na wajukuu wake. Kaka anahofia cheti hakitafanana na vya wakubwa zake, na hofu yake naielewa, ila sijaacha kumwambia.

Ijumaa baada ya chakula hukaa na amu, mimi na daftari langu. Tumetoka kwa baba hadi kwa Shee, na juu ya Shee tumempata Mwinyi Haji. Wiki iliyopita amu alinyamaza kitambo, kisha akataja jina la mamake Shee, Mwanamkuu, aliyekuwa akisuka mikeka. Hakuna hati hata moja inayomtaja. Nimemfungulia ukurasa wake.