Mkuu, usiingize sarafu za babu kwenye albamu hiyo

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema umerithi kwa babu sarafu za enzi ya Wajerumani, yaani pesa za shaba za 1890, rupia mbili za fedha na heleri 20 ya Tabora, umeshanunua albamu yenye mifuko laini inayong'aa, na unauliza uzipange kwa mwaka au kwa nchi, na kama uzisugue kwanza. Mimi nina swali moja tu: hiyo albamu inanukaje? Ifungue, weka pua. Ikinuka kama kitambaa kipya cha plastiki cha mezani, usiingize hata moja.

Mimi niliingiza. Nilikuwa Tanga, na aliyeniuzia albamu alijiita mtaalamu wa sarafu. Akaniapia kwamba ndiyo inayotumika Ulaya, niiweke kabatini nisahau. Nikasahau kweli, miaka sita. Siku nilipoifungua, mifuko ilikuwa inanata. Rupia yenye Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Wajerumani, na kofia yake ya tai ilikuwa na ute wa kijani kuanzia sharubu hadi shingoni. Pesa tatu, ambazo nilikuwa nasoma maandishi yake ya Kiarabu herufi kwa herufi, zilikuwa zimeliwa.

Ile ni PVC. Plastiki hiyo kwa asili ni ngumu, hulainishwa kwa mafuta ya kemikali. Mafuta hayo hutoka taratibu na kutulia juu ya sarafu, na PVC yenyewe ikichakaa hutoa asidi ya haidrokloriki. Shaba ikikutana na hiyo ndipo inapoota kijani, na fedha ya sarafu nayo huwa imechanganywa na shaba. Joto na unyevu wa pwani huharakisha. Nililoweka zote kwenye asetoni safi (siyo dawa ya kutolea rangi ya kucha, ile ina mafuta na manukato yake), ute ukatoka, lakini vishimo vikabaki. Vishimo havina dawa. Mnunuzi aliyekuwa anazisubiri alizitazama na lenzi, akanirudishia bila kutaja bei.

Nilipomfuata yule bwana akasema nimezitunza vibaya, eti hewa ya Tanga ina chumvi. Chumvi! Sarafu nyingine za marehemu babu yangu zilibaki kwenye kopo la majani ya chai la bibi, nyumba ile ile, chumba kile kile. Zimekuwa nyeusi kidogo tu, hakuna hata moja yenye kijani. Mtu anachukua hela yako na bado anaisingizia bahari! Na hilo neno "hela" lenyewe limetokana na heleri hizo, ndiyo maana nikiona mtu anataka kuzitia humo naumia. Hiyo ya kwako ya Tabora ilipigwa 1916 katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, meli za Ujerumani hazifiki tena. Haitapigwa nyingine.

Kama pua haikupi uhakika, kata kipande cha mfuko, toka nje. Pasha waya wa shaba kwenye moto wa gesi hadi uwe mwekundu, ugusishe plastiki, urudishe motoni. Mwali ukiwa wa kijani, kuna klorini, na kwa mfuko laini kama huo ni PVC. Usivute huo moshi. Unachotaka ni mifuko ya plastiki aina ya polipropilini au PET: haina harufu, ni mikavu, ukiikunja inatoa mlio.

Kusugua, hapana. Si limau, si majivu, si dawa ya kung'arishia shaba. Ukisugua unaondoa ngozi yake ya juu na hairudi. Ishike kwa ukingo, basi.

Kama zimeshaingia, zitoe leo usiku. Kila moja ifunge kwenye karatasi nyeupe kavu, tia kwenye kopo na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, zikae humo mpaka upate mifuko sahihi. Halafu piga picha ya lebo ya hiyo albamu, uiweke hapa tuione.